Nilivyowawashia Mazimwi Mienge

Nisiwafiche: mimi, mtu mzima, saa ya chakula nacheza gemu ya kujenga kwa vitofali kwenye kompyuta ya ofisi. Humo ardhini nilikuta kizimba kinachotoa mazimwi, nikawatambia wenzangu wa ofisini, hapa Pasiansi kando ya ziwa, kwamba Ijumaa watawaona wakitoka.

Baba yangu alivua dagaa kwa karabai. Taa ikiwaka juu ya maji, dagaa wanakuja wenyewe. Basi nikakizungushia kizimba mienge kumi na miwili. Hakikutoka kitu. Nikaongeza mingine. Ziwa likimeremeta dirishani, feni ikizunguka polepole, niliutazama ule mwanga hadi nikajiona nimekaa mtumbwini na baba, tunasubiri, maji yametulia.

Ijumaa wenzangu wakanizunguka. Nikasikia kikohozi nyuma yangu. Alikuwa bosi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mienge yote hii ya nini?"

"Nawavuta, mzee. Kama dagaa."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Bosi alivuta kiti, akavaa miwani, akaitazama skrini kwa huruma.

"Mwanangu, hao wanatoka gizani tu. Mimi huwasha mienge nisipotaka kuwaona."