Mama Aliyeivalisha Krismasi Yunifomu

Nianze kwa kukiri ujinga, maana wasomaji wangu wa siku nyingi mmeshanizoea na hamtashtuka. Jirani yetu wa ng'ambo ya njia, hapa Ediofe, alipofariki mwanzoni mwa mwaka huu, mimi nilishuka mjini Arua nikamnunulia shada la maua ya plastiki. Lilikuwa kubwa kama gurudumu la lori, lenye mawaridi mekundu ambayo hayajapata kuchanua popote duniani, na utepe mweupe wa kung'aa. Bei yake sitaitaja, kwa kuwa mke wangu husoma ukurasa huu. Nilitoa pesa hiyo kwa ajili ya mama ambaye, tangu nimfahamu, hakuwahi kununua kitu kinachoota bure kando ya njia. Njia nzima nilijiona mstaarabu. Nilipoingia nalo uani kwa marehemu, wanawake waliokuwa wakimenya muhogo walitazamana, kisha mmoja akasema polepole, kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa, "Ingekuwa mama iko hai, hii angekurudishia mpaka dukani."

Habari ya msiba nilikuwa nimeipata asubuhi ile juu ya ua wa matete, kutoka kwa jirani yangu wa upande wa pili, mama wa Kikongo anayeuza mawese na samaki wa chumvi, ambaye hajui kulainisha neno. "Mwandishi, lamuka," aliniita niamke. "Ule mama amekufa. Vaa viatu." Ilikuwa ile wiki baada ya sikukuu, ambapo watu waliokwenda vijijini kula Krismasi wanapigania nafasi ya kurudi mjini, na malori yanaondoka Arua kwenda kuwachukua yakiwa matupu. Kwa hiyo dereva aliyeombwa kumpeleka marehemu kwao Dranya, huko Koboko, alituchukua sote kwa bei ya mafuta tu. Tulipokwisha kupanda, jirani yangu wa Kikongo alitazama sehemu iliyobaki wazi ndani ya lori, akatikisa kichwa. "Hata kufa," akasema, "amengojea lori ya bei muzuri." Binti mkubwa wa marehemu ndiye aliyecheka kwanza, machozi yakimtiririka, na sisi wengine tukamfuata.

Asiyemjua atadhani tulikosa adabu. Basi nieleze. Mama huyu alikuwa mke wa askari. Mwaka ule wa sabini na tisa, vita vilipoiangusha serikali, mumewe hakurudi, na yeye akavuka mpaka kuingia Kongo, kama wengi wetu wa huku, na watoto watatu, sufuria moja na mkeka. Tuliporejea, katikati ya miaka ya themanini, hakwenda kukaa Dranya. Alijenga kibanda hapa, karibu na shule za misheni, akawa anasaga ufuta na kuuza sokoni. Sasa, Mungu anajua, sisi watu wa huku tuliporudi kutoka ukimbizini tulikuwa na njaa moja iliyozidi ya chakula: tulitaka tuonekane. Ikifika Krismasi, kila mtu wa mjini alitaka kuteremka kijijini kwao akiwa na viatu vinavyolia, watoto wamevaa nguo mpya, kreti ya soda kichwani. Waislamu wa Koboko nao, Idi ikifika, hivyo hivyo. Nauli ilipanda mara mbili na tukalipa huku tunacheka. Ilikuwa namna yetu ya kusema kwamba hatukufa.

Mimi, ambaye safari yangu niipendayo ni ile ya kutoka kitini hadi kitandani, mwaka mmoja nilishindwa na mke wangu nikakubali kwenda Abuku kwa wakwe. Tulipanda lori mkesha wa Krismasi, watu juu ya magunia na magunia juu ya watu. Likatufia njiani. Sikukuu tukaila kando ya barabara, na jogoo niliyempelekea baba mkwe akafa kwa joto akiwa bado mikononi mwangu. Nilipofika Abuku, suti yangu ilikuwa na rangi ya barabara na zawadi yangu ilikuwa maelezo. Tulikaa huko hadi mwaka mpya, tukarudi vilevile, tumebanwa kama ndizi kwenye chane. Tulipokuwa tumesimama dereva akitia maji kwenye rejeta, lori la kwenda Koboko nalo likasimama upande wa pili. Lilikuwa tupu. Katikati yake, juu ya mkeka, alikaa jirani yetu, miguu ameinyoosha, watoto wanamzunguka, wanamenya karanga.

"Heri ya Krismasi, Mwandishi!" akapaza sauti.

"Krismasi imekwisha, mama," nikamjibu kwa hasira, maana kiwiko cha mtu kilikuwa ubavuni mwangu.

"Kwenu ndio imekwisha. Yetu inakwenda sasa."

Abiria wenzangu wakamzomea. Lakini baadaye nilisikia habari za kule Dranya. Wageni wa sikukuu walipokwisha kula hadi ghala la wazee likabaki vumbi, wakaondoka, ndipo yeye alipofika. Alichinja mbuzi kwa bei ya baada ya sikukuu, akakaa na wazazi wake walioachwa wapweke, na kwa kuwa ni kiangazi, watoto wake wakakata nyasi na kuezeka upya nyumba ya babu. Mzee huyo, wanasema, aliwaambia majirani, "Wengine wanakuja kula. Hii yangu inakuja kuezeka." Niliposikia hayo nilikuwa bado ninapiga mswaki suti yangu.

Ungedhani nilijifunza. Hapana. Mwaka uliofuata binti yake mkubwa na binti yangu walikuwa wanamaliza la saba, na wote wawili walipata nafasi sekondari ya wasichana. Ninyi mnaoishi mbali huenda hamjui nafasi hiyo ilikuwa na uzito gani kwa mama yule. Yeye mwenyewe hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Kaka zake walishamwambia kwamba msichana mkubwa namna ile ni wa kuolewa, mahari isaidie wadogo, na walikuwa wamempa muda hadi shule zifunguliwe mwezi wa pili: ada ikipatikana, sawa, ikikosekana, wanakuja kumchukua mtoto. Ufuta uleule ndio ulipaswa kulipa ada, godoro, ndoo, jembe na yunifomu.

Basi Krismasi ikafika, na kanisa kuu likajaa nailoni. Wasichana wa mtaa walimeremeta kama karatasi za peremende. Binti yangu alikuwa na gauni la waridi lenye marinda matatu, na mimi, baba mwenye marinda, nilisimama nje nikitazama nani ananitazama. Ndipo tukawaona watoto wa jirani wanapanda njia, wote watatu kwa mstari, wamevaa yunifomu mpya za shule, zimepigwa pasi mpaka zinakata. Yule mkubwa aliinamisha kichwa, amejikunja nyuma ya mama yake kama mtu anayekwepa mvua. Watu wakaanza kucheka chinichini. Hapo ulimi wangu, ambao siku zote huwahi kufika kabla ya akili, ukasema, "Mama, kwani shule imefunguliwa leo? Ama Bwana Yesu siku hizi ndiye hedimasta?"

Uwanja mzima ulicheka. Msichana akalia. Mama yake alimkamata mkono, akanitazama bila chuki, akasema, "Cheka tu, Mwandishi. Nguo mpya si hii? Ama macho yako iko mgonjwa? Mwezi ya pili tutaonana."

Mwezi wa pili ukafika. Kaka zake walikuja kutoka Koboko kama walivyoahidi, wakakuta mtoto ameshapanga sanduku, godoro limefungwa kwa kamba, ada imekamilika. Wakanywa chai, wakaondoka. Kwangu mimi, ada nilikuwa nimeikwangua mahali fulani, lakini yunifomu haikuwepo. Mafundi walikuwa wameelemewa na kitambaa kimepanda bei, kama kinavyopanda kila mwaka wakati huo. Nikasema si kitu, aende na nguo yake nzuri, wataelewa. Hawakuelewa. Binti yangu alirudi kabla ya saa sita, akiburuta lile gauni la marinda matatu kwenye vumbi, akaingia ndani bila kunisalimu.

Jioni ile jirani yetu alivuka njia, ameshika kitambaa kilichokunjwa chini ya kwapa. Alikuwa amenunua jora mapema, wakati hakuna anayelitaka, na watoto wake aliwaachia pindo refu ndani ya sketi, la kushusha kila wanapokua. "Hii ilibaki," akamwambia mke wangu. "Peleka kwa fundi kesho asubuhi, sema mimi nimetuma." Nikaharakisha kusema nitamlipa. Akanigeukia. "Utalipa na nini, Mwandishi? Na marinda?"

Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. Tulimpa chai, na nikamuuliza, safari hii kwa adabu, kama hakuona uchungu siku ile watoto wake walipochekwa. Alizungusha kikombe. "Niliona," akasema. "Nililala na hiyo uchungu. Lakini kule Kongo, kwa ukimbizi, Krismasi ilikuja kila mwaka. Hatukuwa na nguo, hatukuwa na nyama, na ilikuja tu, tukaimba, ikapita. Haikutuacha hata mwaka moja. Shule ndio haikuja."

Nimeandika safu hii kwa miaka mingi, na sijawahi kuandika maneno mazito kama hayo. Sisi wengine tulirudi kutoka ukimbizini tukakumbuka tulichonyimwa, na tukataka kukila chote kwa siku moja. Yeye alirudi akitofautisha kilichokuja bila kuitwa na kile ambacho usipokiendea hakiji. Watu walimwita bahili. Lakini bahili hujinyima ili abaki na pesa, na mama huyu hakubaki nayo hata siku moja. Aliipeleka mahali, yote, mapema, kabla dunia nzima haijaikimbilia. Haba na haba hujaza kibaba, tunaambiwa. Yeye alijua pia ni wakati gani wa kukipeleka kibaba sokoni.

Mwezi wa tisa mwaka uleule binti yangu alinijia, mikono nyuma. "Baba, mwaka huu sitaki gauni. Nataka nguo ya Krismasi kama ya kwao." Nikamnunulia kitambaa mwezi wa kumi, fundi akashangaa kuniona. Mama wa nyumba ya tatu akafanya hivyo hivyo, na wa ile ya pembeni, na miaka ikaenda, hadi Krismasi moja padri alisimama mbele ya safu za yunifomu akauliza kama leo tunasali misa au tunafungua muhula. Kanisa likacheka, na nikamwona jirani yetu, katika vazi lake la gomesi, lilelile la kila sikukuu, amenyoosha shingo kama mama wa bibi harusi. Wanawe wote watatu wamesoma. Yule aliyelia siku ile sasa ni mwalimu katika shule ileile, na yeye ndiye anayesimama langoni asubuhi za mwezi wa pili. Nasikia mtoto akija bila yunifomu hamrudishi nyumbani. Ana kabati la zilizobaki.

Tulimzika Dranya, kando ya nyumba iliyoezekwa na watoto wake. Niliweka shada langu juu ya udongo mbichi kwa heshima zote, nikarudi nyuma hatua moja kama nilivyoona watu wakubwa wanavyofanya. Watu walipoanza kutawanyika, yule mwalimu akanijia. "Baba," akasema kwa upole, "usikasirike. Maua yako haiozi. Kuiacha hapa jua iichome, ni kama kumtukana mama." Akaliinua shada, akalipangusa vumbi, akalifunika kwa shuka na kurudi nalo Ediofe kwa lori lilelile. Tangu hapo limekwisha kwenda mazishini mara kadhaa hapa mtaani. Anayefiwa anapita kulichukua, analiweka kaburini wakati wa sala, kisha analipangusa na kulirudisha, na pesa ambayo angenunulia maua anawapa yatima walioachwa na marehemu. Juzi nililiona likipita kichwani kwa mtu, utepe wake bado mweupe, nikasimama langoni na kifua mbele, nikawaza kwamba hatimaye hata mimi, mjinga wa marinda, nimechangia kitu katika kazi ya mama yule.

Jirani yangu wa Kikongo alikuwa juu ya ua, ananitazama ninavyojivuna. "Mwandishi," akasema, "mutu wa kwanza mu mutaa huu kulipa maua ya kaburi yake mwenyewe ni weye. Sasa unaweza kufa ata kesho, hatutatumia pesa ya maua, ata makuta moja."