Mwite Mume Wetu Aje Ale

Usiku ule nililala nimenuniana na glasi ya maji. Ilikuwa pale kwenye kigoda kando ya kitanda, mrija wake umeinama kama shingo ya kuku mgonjwa, inaniangalia. Nami nikaipa mgongo.

Ugomvi wetu ulianzia hapa. Nilikuwa nimerudi kutoka India, nimepasuliwa koo. Daktari alizishona nyuzi zangu za sauti zikawa fupi, ili ile sauti ya kiume niliyokua nayo ipande juu, ifanane na mimi mwenyewe, Zena, mwanamke mzima, muuza mitumba. Maana ile ya zamani, wallahi, ilikuwa lori la mchanga linapanda mlima. Nikipiga chafya sokoni Kongowea, watu wa Likoni ng'ambo ya maji wanaanua nguo wakidhani mvua inakuja. Ilikuwa na uzuri mmoja tu: ilisikika. Nikiita wateja, hata aliyekuja kununua nyanya aliondoka na sidiria.

Basi daktari akafanya kazi yake, siku za kunyamaza zikaisha, nikafungua mdomo. Kikatoka kijisauti kitamu, chembamba, pumzi nyingi, kama mbu mwenye adabu. Nililia kwa furaha. Kisha nikarudi sokoni, nikaita, mteja akajipiga kofi sikioni akidhani kweli ni mbu. Nikalia tena, na safari hii furaha haikuwemo.

Mwalimu wa sauti alikuwa ameniambia kwenye simu kwamba nguvu itarudi, ila polepole. Nisipige kelele. Nisinong'one pia, maana kunong'ona kunalichosha koo. Nitie mrija kwenye maji, nivume humo ndani mpaka maji yatoe mapovu, kila siku. Mimi! Mtu mzima na makalio yangu, nikae napuliza mapovu kama mtoto aliyenunuliwa soda! Nikaacha. Nikawa nanong'ona mchana kutwa, na wateja naitiwa na Mama Kadzo, jirani yangu wa meza na wa chumba. Jioni ile, tukifunga mizigo, aliniambia, "Zena mwanangu, na mimi koo langu si bomba la maji la kanjo. Litakauka." Alicheka, lakini lilinichoma. Muuza mitumba asiyesikika naye ni nguo iliyotundikwa tu. Nikapanda kitandani nikiwaza: huenda nguvu hairudi. Huenda huyu mbu ndiye wangu mpaka kaburini.

Ndipo Bibi akaja.

Nilikuwa sokoni. Nipo mezani naita, mdomo umefunguka mpaka jino la mwisho linaota jua, na hakuna kinachotoka. Upepo unaingia. Rundo lote la nguo linainuka, blauzi zinatembea zenyewe kwenda kutafuta muuzaji mwingine, suruali zinazifuata. Imebaki sidiria moja, kubwa, na kuna mkono umeishika. Mkono huo naujua. Una bangili ya shaba, na kovu la sufuria ya mafuta.

"Hii aliivaa nani?" anauliza. "Ndovu?"

Bibi Mwanasiti, mama yake mama. Amekufa zamani, wakati mimi bado naitwa jina la kiume. Mazishini kwake nilivaa kanzu na kofia. Leso aliyojifunga ni ile ile niliyomjua nayo, ila imekuwa mpya, kama vile huko waliko hakuna jua la kuichubua.

Nikaingiwa na hofu, na si ya maiti. Kwetu bibi humtania mjukuu. Wa kiume humwita mume wangu. Wa kike humwita mke mwenzangu, na kutwa hugombana naye juu ya babu. Mimi, maisha yake yote, aliniita mume wangu. Mume wangu kaniletea kuni. Mume wangu, hebu nikune mgongo. Lilikuwa pendo lake lote limefungwa katika neno moja, na neno lenyewe lilinibana kama kiatu cha mtu mwingine. Sikuwahi kumwambia. Sasa amesimama mbele yangu, nami nimevaa dera, nina hereni, na namngoja aniite.

Hakuniita lolote. Aliniangalia kutoka utosini mpaka kwenye kucha, akanitupia ile sidiria.

"Njoo jikoni. Moto umenishinda."

Watu wanasema maiti akikuita ndotoni usiitike, utaondoka naye. Mimi sikuitika, maana hiyo sauti ya kuitikia ningeitoa wapi? Kwa mara ya kwanza kukosa sauti kukanifaa. Nikamfuata kimya kimya.

Na meza ya mitumba ndiyo jiko. Sijui tumefikaje. Nimegeuka tu, nimekutana na moshi wa kuni mbichi, sufuria ya maharagwe imekaa kwenye mafiga, uani kumefagiwa, na kule mwisho wa ua amekaa Babu. Ametugeuzia mgongo, anasuka kamba. Babu alimtangulia Bibi kufa, na alipokuwa hai alikuwa kiziwi wa kupindukia. Siku moja radi ilipiga mnazi juu ya kichwa chake, ukapasuka katikati, naye akauliza nani kabisha hodi.

"Chakula kinaiva," Bibi anasema. "Mwite aje ale."

Nikamwonyesha koo langu kwa kidole. Nikatikisa kichwa.

"Mwite."

Nikavuta hewa ya Pwani nzima, Lamu mpaka Vanga, nikapiga ukelele. Ulitoka upepo mtupu. Ukaingia mekoni, jivu likainuka likatufunika sote wawili, tukawa weupe kama magunia ya unga. Moto ukafifia. Maharagwe yakaacha kuchemka. Na Babu yuko pale pale, anasuka kamba.

Bibi anajifuta jivu machoni, taratibu, kwa ncha ya leso. Mabega yanamtikisika. Anacheka, kile kicheko chake cha kimya ambacho nilikuwa nimekisahau.

Anatoka nje. Anarudi na jani la mpapai, analikata, analitupa, anabaki na kikonyo chake, kile kirefu chenye tundu, ambacho sisi watoto tulikuwa tunakipiga kama tarumbeta. Ncha moja anaitia kwenye bakuli la maji. Nyingine anaitia mdomoni. Anavuma. Uuuu. Maji yanacheka. Kisha ananipa.

Navuma. Mwanzo hakuna kitu, pumzi imekwama njiani. Navuma tena. Maji yananitekenya midomo, mtekenyo unapanda puani, unanitambaa usoni mpaka kwenye mifupa ya kichwa, na kooni hakuna kinachouma. Povu moja linatoka bakulini, linaelea, linakwenda kutua juu ya kaa la moto. Nami nasema, basi, limezima. Halikuzima. Kaa likawaka. Likaja jingine, likatua, kaa la pili likawaka. Nikitaka kulazimisha nitoe mapovu mengi kwa mkupuo, Bibi ananigusa bega, narudi polepole. Tumekaa hivyo sijui kwa muda gani. Kivuli cha ukuta kinatoka huku kinakwenda kule. Maharagwe yanaanza kuguna.

"Sauti yako ni kichanga," Bibi anasema, macho yake kwenye moto. "Na wewe umeituma sokoni ikabebe magunia. Ilee kwanza."

Kisha anachukua upawa, anafunua sufuria, anaonja.

"Sasa mwite mume wetu."

Nilisikia. Alisema mume wetu. Nikamtazama, yeye anakoroga maharagwe yake kama hakusema kitu.

Nikageukia uani. Safari hii sikuvuta hewa ya Pwani nzima, nilivuta ya kunitosha mimi.

"Babu! Njoo ule!"

Ilitoka. Lori halikuwemo, wala mbu hakuwemo. Ilikuwa sauti ya mwanamke anayemwita mtu chakula, ina mwili, ina miguu, ikakatiza ua ikaenda ikamgonga Babu kisogoni. Mkono wake ukasimama juu ya kamba. Shingo ikageuka, ile shingo ambayo radi haikuigeuza.

"Nani huyo ananiita?"

Bibi akashika kiuno. Akanikata jicho la wivu, la juu mpaka chini, la mtu aliyeibiwa mume mchana kweupe.

"Ni nani mwingine? Ni mke mwenzangu, huyo kaja. Tangu leo mgongo wako aukune yeye, mimi vidole vimechoka!"

Nikamrukia nimkumbatie. Nimekumbatia mto.

Kumekucha. Mwanga unapenya kwenye matundu ya mabati, vumbi linacheza humo ndani. Uso wangu umelowa, na puani wallahi nina harufu ya moshi. Nikakaa. Glasi iko pale pale, mrija umeinama, inaniangalia. Nikaiangalia nami.

"Haya," nikaiambia. "Tupatane."

Nikashika mrija, nikavuma. Mwanzo hakuna kitu. Nikavuma tena, uuuu, maji yakacheka, yakanitekenya usoni mpaka mifupani, sawasawa na ndotoni. Nikaendelea polepole.

Kutoka upande wa pili wa ukuta, kitanda cha Mama Kadzo kikalia.

"Jamani! Nani anachemsha maharagwe alfajiri yote hii?"

Nilitaka kunong'ona, mazoea. Nikamkumbuka Bibi na upawa wake. Nikavuta hewa ya kunitosha.

"Ni mimi! Zena!"

Nikasikia nyayo zake sakafuni, kisha sikio linabandikwa ukutani.

"Zena nani?"

"Zena gani mwingine unamjua? Jirani yako!"

"Ala!" Sasa anapigapiga ukuta kwa kiganja. "Nimekusikia, mama! Nimekusikia mpaka kitandani! Hebu sema tena!"

"Ngoja kwanza! Nalea!"

"Unalea nani wewe? Umezaa lini?"

Nikacheka, na hata kicheko nacho kilikuwa na sauti. Huo ukuta nikiwasimulia watu huwa nawaambia ni wa mawe, unene wake kama wa ngome. Ukuta wenyewe ni wa mbao, na una tundu tunalopitishiana kiberiti. Lakini nilisikika.

Nikarudisha mrija majini. Sokoni tutakwenda, Inshallah, na aliyekuja kununua nyanya ataondoka tena na sidiria. Kichanga kwanza kinyonye.