Ribiti Mbili za Mkiani

Ukitaka kumuudhi Verna Zastrow, mwite msaidizi. Miaka kumi na minne watu wa kwetu hapa Wisconsin wamekuwa wakimwita hivyo kwa nia njema kabisa, na kila mara alicheka kidogo, kisha akaenda kuosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi. Mumewe Norbert alikuwa akijenga ndege bandani, na Verna eti "anamsaidia."

Kumsaidia! Mabati ya ndege huunganishwa kwa ribiti, visumari vya kubonyezwa ncha, na ribiti moja inataka watu wawili. Mmoja yuko nje anaigonga kwa nyundo ya upepo, mwingine yuko ndani anaikingia kipande cha chuma ili ncha yake ibonyee na kukaza. Ndege ile ina ribiti elfu kumi na mbili na ushei. Sasa niambie, nani alikuwa ndani? Si Norbert na lile tumbo la soseji na bia. Alikuwa ni Verna, mpishi mstaafu wa shule, mwembamba kama ufito, kajikunja ndani ya mkia huku akifoka, "Ngoja! Ngoja wewe, bado sijakaa!"

Norbert mwenyewe alikuwa mdomo mzito. Miaka thelathini na moja aliendesha lori la maziwa, na ng'ombe walimfaa kwa sababu hawaulizi maswali. Ukimsikia amesema sentensi tatu mfululizo, ujue nyumba inaungua. Mwaka wa kwanza Verna alichungulia daftari la ujenzi akakuta maneno matatu tu kumhusu: "V. kashika chuma." Basi. Alilifunga na hakulifungua tena. Lilimuuma.

Daftari hilo si la mapambo. Serikali haimkatazi mtu kujenga ndege nyumbani, ila lazima aonyeshe kwamba zaidi ya nusu ya kazi imefanywa na mjenzi mwenyewe, kwa kujifunza au kujifurahisha, si kwa kulipa mafundi. Ndiyo maana huandikwa kila saa na kupigwa picha kila hatua. Mkaguzi asiporidhika, ndege haipati kibali cha kuruka, inabaki bandani kuku wanailalia.

Mkaguzi alikuja Ijumaa asubuhi. Bi Colleen Brandvold, mama wa makamo mwenye tochi na kioo kidogo chenye mpini mrefu. Saa mbili nzima alichungulia injini, akavuta nyaya, akatikisa usukani. Neno MAJARIBIO, la kumwonya abiria kwamba ndege imejengwa nyumbani, lilikuwa kwenye mlango wa ndege lilipotakiwa kuwa. Norbert alimfuata nyuma mikono mfukoni. Kisha Bi Colleen akaketi mezani, akakubali kipande cha keki ya mdalasini, akafungua albamu ya kwanza ya picha za ujenzi.

Verna, aliyekuwa akimimina kahawa, akatupa jicho. Norbert hapendi kupigwa picha, hata ile ya harusi anatazama viatu. Kwa hiyo miaka yote kamera alishika yeye Norbert. Na katika picha mikono ilikuwa ya Verna. Ukurasa baada ya ukurasa, mikono ya Verna, pete ya Verna, na lile kovu la Verna la sufuria ya shule. Norbert hakuwepo hata kidole.

Mungu wangu, akawaza, nimemharibia mzee wa watu. Atanyimwa kibali kwa sababu yangu.

"Mikono hii ya nani?" akauliza Bi Colleen.

Norbert akafungua mdomo. Verna akamuwahi. "Yake!"

"Ya mzee?"

"Yake kabisa. Zamani alikuwa mwembamba."

Bi Colleen akafunua ukurasa. "Na hizi kucha nyekundu?"

Maji kashayavulia nguo, Verna akaona ayaoge. "Hiyo rangi ya ndege. Ilimmwagikia."

"Kwenye kucha zote kumi, bila kugusa ngozi?"

"Ni mtu makini sana, mume wangu."

Norbert akapaliwa na kahawa. Bi Colleen hakucheka. Alifunga albamu, akaweka kalamu juu yake.

"Mama, nisikilize vizuri. Kama mikono hii ni ya mzee, mimi sitii sahihi. Narudi kwangu."

"Kwa nini? Si ndiye aliyeijenga?"

"Karatasi hazisemi hivyo."

Verna akamgeukia mumewe, birika bado liko mkononi. "Norbert! Umeandika nini?"

"Aliyesaini ni wewe," akasema Norbert.

"Mimi? Lini?"

"Machi. Kule benki, mbele ya yule ofisa anayeshuhudia sahihi. Nilikwambia vaa miwani."

"Uliniambia ni karatasi za ndege!"

"Kwani si za ndege?"

Bi Colleen akaisukuma karatasi. Safari hii Verna akavaa miwani. Mimi, Verna Louise Zastrow, ndiye mjenzi wa ndege hii. Akasoma mara mbili. Akakaa.

"Nilijumlisha daftari," Norbert akasema, akiitazama keki. "Lina safu mbili, masaa yako na yangu. Yako yamezidi. Na cheti cha kuikagua kila mwaka hupewa mjenzi mmoja tu. Ningeandika jina langu, ungebaki msaidizi. Hukuwa msaidizi, Verna. Kila mwaka nitakuja kukuomba sahihi, usipotaka, siruki."

Sentensi saba! Verna alitaka kumrushia kitambaa cha vyombo na alitaka kumkumbatia, na mkononi alikuwa na birika.

"Nauliza tena," akasema Bi Colleen, na safari hii alikuwa anatabasamu. "Mikono hii ya nani?"

"Yangu," Verna akanong'ona.

"Sijasikia, mama."

"Yangu! Yote yangu! Na mgongo unaouma ni wangu pia!"

Bi Colleen akatia sahihi. Kisha akasema kimebaki kitu kimoja, akaenda hadi mkiani, akabandua karatasi ya gundi ambayo Norbert alidai inakinga rangi. Chini yake palikuwa na kibao cha chuma kisichoungua, kile ambacho sheria inataka kiandikwe jina la mjenzi. Verna akapitisha kidole juu ya herufi, moja moja, mpaka mwisho wa jina lake. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Kidole kikafika pembeni mwa kibao, kwenye ribiti zilizokishikilia, kikasimama.

"Norbert. Hizi ribiti mbili zimepinda."

"Najua."

"Elfu kumi na mbili zote zimenyooka. Hizi umezifanyaje?"

Norbert akajikuna shingo.

"Nilikuwa peke yangu," akasema. "Sikuwa na wa kunishikia chuma."