Pikipiki Niliyoiuza Bila Kumuuliza Mke Wangu

Pikipiki ile niliinunua kwa mtu wa Kigoma aliyevuka nayo ziwa. Haikuwa kama hizi za kubeba abiria zinazojaa Kalemie. Ilikuwa kubwa na nzito, kiti chake cha chini, usukani wake mpana umepinda kukufuata ulipokaa. Sauti yake mke wangu aliitambua nikiwa bado mbali, akaanza kupakua chakula. Mimi ni karani wa reli. Kila Jumapili baada ya misa nilimpandisha nyuma tukafuata barabara ya kando ya ziwa mpaka yeye aseme inatosha.

Halafu akapooza upande wa kushoto. Asubuhi moja kikombe cha chai kilimponyoka, na alipotaka kuniita mdomo ulikataa.

Miezi ikapita. Pikipiki ilikaa uani chini ya turubai, mbele kabisa ya dirisha la chumba chake. Nikajiambia kwamba kuiona kila siku kunamuumiza. Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliamua mwenyewe, nikawaambia marafiki kwamba nauza.

Wengi walikuja kuigusagusa tu. Wa mwisho alikuwa mfanyabiashara wa Kabalo, mtu mpole, aliyepiga magoti akamulika chini ya injini kwa simu yake.

“Papa, unaiuzisha juu ya nini? Iko na ugonjwa?”

“Haina ugonjwa. Ni mimi nimezeeka.”

Sikutaka kumtaja mke wangu mbele ya mgeni. Tuliandikiana karatasi, nikampa funguo zote mbili. Yeye angeipakia kwenye treni siku hiyo hiyo. Kabla hajaiwasha, niliingia chumbani kwa mke wangu.

“Mama, fundi anaipeleka kuangalia breki.”

Wakati huo maneno yalikuwa yamemrudia, ingawa yalitoka polepole. “Muzuri,” akasema.

Fundi wetu anakaa juu mlimani, nyuma ya soko. Nikiwa uani nilisikia mungurumo ukishuka upande wa pili, kuelekea stesheni, gare tunavyoiita sisi, nikajua kwamba na mke wangu anausikia. Niliporudi ndani, alikuwa amegeukia ukuta.

“Fundi alihamia gare?” akauliza.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda, na yeye hakugeuka.

Siku mbili baadaye, mama muuguzi aliyekuja nyumbani kumzoeza kutembea alinikuta mlangoni.

“Papa, leo amekataa kabisa mazoezi. Ulimufanya nini?”

Nikamwambia nimeuza pikipiki. Akaweka mfuko wake chini.

“Ile benchi ya ndani, tulikuwa tunaiwekea mito miwili juu. Kila siku anajaribu kupitisha muguu. Alisema ule njo urefu wa kiti cha pikipiki yenu. Alitaka kukushangaza Jumapili ya Pasaka.”

Mchana ule ule nilimpigia simu mtu wa Kabalo, nikamwomba anirudishie pikipiki. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Papa, nakuhurumia kweli. Lakini nilishamupeleka mama yangu kanisani nayo. Sasa nitamuambia nini?”

Sikumlaumu. Mtu aliyempandisha mama yake kwa furaha, ningemwambiaje amshushe?

Mke wangu alikaa wiki nyingi bila kugusa ile benchi. Aliyemrudisha kwenye mazoezi si mimi; ni dada yake, aliyekuja kutoka Mpala akamgombeza, akamsugua mguu kwa mafuta ya mawese, akamsimamisha. Leo anatembea kwa fimbo. Kiangazi kilichopita tulikwenda Mpala kwa boti kumsalimia mama yao. Yeye na dada yake walikaa bega kwa bega, mimi nikakaa karibu na mizigo. Katikati ya safari nikasogea, nikamwomba msamaha, kwa mara ya ngapi sijui.

“Nilishakusamehe,” akasema. “Lakini ungeniuliza tu. Ni muguu ulikufa, si kichwa.”

Kisha akaniomba nimpe kitenge ajifunike, maana upepo ulikuwa umeanza. Tulipofika ufukweni, dada yake alimshika mkono wakashuka wawili, taratibu. Nilibaki nyuma nikiteremsha vikapu, nikiwatazama wanavyopanda kuelekea nyumbani kwa mama yao.