Kikombe cha Kizimbani

Tangu vita vilipoisha na watu kutoka kambi za wakimbizi, Lanyero Filda amekuwa karani wa Wakili Ocaya. Kazi yake ni kuwatafuta mashahidi vijijini, kuwaleta mjini na kuwatuliza barazani mwa mahakama. Maskini anayeshtakiwa kwa mauaji hupewa wakili na serikali. Serikali hiyohiyo humwacha rumande miaka minne kabla ya kumsikiliza, kisha hujisifu kwamba imemtendea haki.

Odoki, mteja wa Ocaya, alikuwa amekaa rumande miaka hiyo minne. Ilidaiwa kwamba alimpiga jirani yake, Labongo, hadi akafa. Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumwokoa: baba yake mdogo, mzee Okwera, ambaye usiku ule alilala naye nyumba moja, mbali na tukio. Lanyero alimfuata hadi ng'ambo ya mto Achwa.

"Sema uliyoyaona tu, baba," alimwasa.

"Mwanangu, mimi si kasuku wa kufundishwa."

Na alisema vizuri, hadi vumbi la safari lilipomkaba koo katikati ya maswali ya mwendesha mashtaka. Askari akammiminia maji katika kikombe cha bati kilekile alichonywea ndugu wa marehemu Labongo alipotoa ushahidi asubuhi. Mzee akarudisha mikono nyuma.

"Kunywa, mzee, hakina sumu," mwendesha mashtaka alitania.

"Sinywi. Kati yetu na watu wale kuna damu."

"Damu ya nani?"

"Ya Labongo."

"Sina swali zaidi."

Waacholi wote ukumbini walielewa. Ukoo ukishatajwa katika kifo, haushiriki chombo na wafiwa mpaka wazee wawapatanishe, awe mtu wao ameua au hakuua. Jaji, mtu wa magharibi mwa nchi asiyeijua mila hiyo, aliandika.

Ocaya akasimama. "Mzee, una maana Odoki aliua?"

"Nimesema hivyo wapi? Damu ipo mpaka isafishwe."

Wakili akajaribu kuieleza mila hiyo mwenyewe. Jaji akamkatiza: wakili hawezi kugeuka shahidi, amlete mjuzi wa mila kikao kijacho. Kikao hicho hakikuwa na tarehe.

Lanyero akatumwa kizimbani kwa Odoki. "Wakili anauliza, tumngoje mjuzi wa mila, au tufunge utetezi bila yeye?"

"Tungoje mpaka lini?"

"Sijui."

"Dada, mke wangu kashaolewa na mwingine. Mwambie afunge."

Lanyero alitamani kumsihi angoje. Lakini yeye mwenyewe hulala nyumbani kwake kila usiku. Kinywa cha kumwambia hivyo angekitoa wapi? Akarudi mezani, akamnong'oneza wakili. Sheria inayomtaka mtu achague kati ya kungoja bila kikomo na kufungwa haijampa chaguo lolote.

Siku ya hukumu jaji alisema kwamba shahidi wa utetezi mwenyewe alikiri kuwapo kwa damu. Miaka thelathini. Odoki akatolewa kwa mlango wa nyuma.

Barazani mzee Okwera alikuwa ameketi na shati safi la Odoki magotini, la kuvaa akirudi nyumbani.

"Kuna mahali nilisema uongo?" aliuliza.

"Hapana, baba."

"Basi atatokea mlango upi?"

Lanyero akamchotea maji bombani kwa kikombe chake mwenyewe. Mzee akayanywa yote, macho yakiwa mlangoni.