Kanda ya Kujaribia

Mimi ni fundi redio. Kwa miaka kumi na moja, kila redio niliyotengeneza nimeijaribu kwa kanda ileile kutoka lundo langu: gitaa linalia sekunde tano, nazima, nairudisha mwanzo, namwita mteja. Wimbo wenyewe sikuwahi kuufikia. Sina muda wa upuuzi.

Jana mteja hakuja, kwa hiyo sikuzima. Kumbe ni panki, roki ya kelele, ile ya majonzi wanayoiita emo, ya bendi nisiyoijua: ngoma kama watu wanavunja mlango, na kijana analia kwa kupayuka. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini kilio cha mtu aliyeachwa nakijua. Mke wangu alipoondoka mimi sikufungua mdomo. Niliendelea kulehemu waya.

Upande wa kwanza ulipokaribia kwisha, mama mshonaji wa chumba cha pili aligonga ukuta.

“Fundi, leo una wageni?”

Wateja wangu huishia mlangoni; miaka yote hiyo hajawahi kusikia sauti ya mtu mwingine humu ndani.

“Ndiyo, mama,” nikamjibu. “Nitawaambia wapunguze kelele.”

Nikapunguza sauti kidogo, nikageuza kanda upande wa pili.