Pole Niliyoipeleka Mgeta

Ndugu wasomaji, mkinicheka sitanuna, maana mwenyewe nimeshajicheka vya kutosha. Mimi ni ofisa ustawi wa jamii katika kambi ya jeshi hapa Morogoro. Wakati huu wa vita, kila anayeniuliza kazi yangu humjibu kwa majivuno: kusikiliza familia za askari. Chuoni tulifundishwa kwamba mtu akilia, usimkatize.

Wiki iliyopita nilipanda milimani, kijiji cha Mgeta, nimevaa sare, kumweleza mke wa askari wetu Saidi kwamba mumewe amevunjika mguu, yuko hospitali mjini, na anaomba akamwone. Nilimkuta yeye na mama mkwe wake wakipalilia kabichi.

"Shikamoo mama. Poleni," nikasema. Nilikuwa nawapa pole ya kazi.

Mke akaangusha jembe, akaangua kilio. Nikawaza, kumbe habari za mguu zimenitangulia. Nikamshika mkono, nikanyamaza kitaalamu. Majirani wakapanda kutoka bondeni, wakatandika mikeka, mzee mmoja akaanza kusoma dua. Nami nikatokwa na machozi, nikisema moyoni: watu hawa wanapendana kweli, yote haya kwa mguu tu!

Mama mkwe akajifuta uso. "Binti, mmemzika wapi?"

"Nani, mama?"

"Mwanangu Saidi."

"Saidi yupo hospitali, mama. Amevunjika mguu. Anamwomba mkewe aende, na ampelekee ndizi."

Kilio kikakatika ghafla. Watu wote wakanigeukia.

"Sasa muda wote huu," mama akauliza polepole, "wewe ulikuwa unalia nini?"